Kikombe cha Nyuma ya Nyumba

Bukavu, Muhumba, 6 Mei 2024

Mama Elodie,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Usman. Kreti mbili ulizoagiza nimempa Zagabe, zimefungwa juu ya minibasi yake kwa kamba ya mpira. Barua hii nimeitia katikati ya chupa, mahali petu pale pale. Najua Elodie anatucheka, anasema siku hizi ni wazee wawili tu katika Kivu nzima wanaoandikiana barua. Mwambie simu ni ya wenye masikio. Yangu yaliliwa na kwinini mwaka ule wa malaria kali, na Usman amechoka kuniandikia kwenye karatasi kila neno linalosemwa kwenye simu. Mtoto mwenye umri wa miaka ishirini na sita ana kazi nyingine.

Uliniuliza waragi ya Uganda ilipata wapi jina. Nimetafuta. Wanasema Waingereza waliokuwa kule waliiita war gin, pombe kali ya vita, na wenyeji wakalitamka jina lile kwa ulimi wao mpaka likawa waragi. Nimeliandika kwenye daftari. Nina majina arobaini na moja sasa. Kule Benin kuna sodabi, ambalo ni jina la mtu: inasemekana alikwenda Ufaransa kupigana vita vya Wazungu, akarudi kwao na ujuzi wa kupika. Ghana wana akpeteshie, maana yake iliyofichwa, kwa kuwa polisi walikuwa wakiitafuta. Warusi wanaiita yao vodka, yaani kimaji, maji madogo. Na Waarabu, hili nalijua tangu madrasa, wanasema arak, jasho. Fikiria bomba lako la shaba linavyotoa tone moja moja asubuhi, utaona waliipa jina sawasawa.

Ya kwetu tu ndiyo imenishinda. Kanyanga limetoka wapi? Kila ninayemuuliza ananiandikia jibu lake. Mama yako hakukuambia?

Na usianze kuniuliza tena kama nimeonja. Sijalamba hata tone. Marehemu baba aliianza biashara hii Uvira, na alisema chupa ikiwa tupu ni kioo tu, haina dhambi. Mimi nauza kioo.

Sumaili


Walungu, 14 Mei 2024

Papa Usman,

Chupa zimefika, moja tu imevunjika, na Zagabe anaapa kwamba ilivunjika yenyewe. Zile za shingo fupi zenye ndege chini ni nzuri mno. Mume wangu Jean-Claude amezipanga dirishani kama ni za kanisa.

Wewe unajua majina ya pombe kama mlevi aliyestaafu. Hapana, mama hakuniambia kanyanga limetoka wapi. Alisema hivyo tu, na mama yake alisema hivyo tu.

Habari kubwa ni kwamba nimebatizwa. Si kwa mapadri, huko nilibatizwa nikiwa mtoto. Safari hii ni ndani ya mto, mzima mzima, kwa Pasta Ezéchiel. Maji yalikuwa baridi hata nikasahau dhambi nilizotaka kuziacha. Jean-Claude amebaki Mkatoliki na ananicheka, lakini alinishikia nguo zangu kavu.

Pasta hakunikataza kupika. Anajua watoto watano wamesoma kwa bomba lile. Alichokataza ni kitu kimoja. Unajua sisi hapa, pombe ikianza kutoka, kikombe cha kwanza hakinywewi. Mama alikipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akamwaga chini kwa ajili ya bazimu, yaani wazee wetu waliokufa. Alitaja jina la mtu mmoja, kila upishi na mtu wake. Nilifanya hivyo hivyo tangu nilipoolewa. Pasta alinikuta nikimwaga. Akasema: "Maman, ule njo mulango unafungulia mashetani. Funga ule mulango." Nikaufunga. Sasa kikombe kile nakitia kwenye chupa ya kwanza pamoja na kinachofuata. Ni kikali, kinachoma pua, na wanaume wanakipenda. Chupa ya kwanza naiweka kando kwa watu wa heshima.

Moyo wangu ulinisumbua siku mbili tatu, nikaona labda mama amekasirika. Sasa umetulia. Wewe unaonaje?

Colombe


Bukavu, Muhumba, 22 Mei 2024

Mama Elodie,

Umeniuliza ninavyoona, nami nakujibu wazi: umefanya vizuri sana. Kuwalisha wafu ni jambo ambalo dini yangu hailikubali hata kidogo. Kwa hilo Pasta Ezéchiel na imamu wetu wangekaa mkeka mmoja wakakubaliana. Waliokufa wanahitaji dua, hawahitaji kinywaji. Usisumbuke tena.

Lakini ona ajabu. Nina kitabu cha Kifaransa nilichokinunua pamoja na karatasi za kufungia chupa, hakina jalada. Kinaeleza namna wanavyopika kwao. Nao wanamwaga ya kwanza! Wanaiita tête, kichwa. Inayofuata wanaiita moyo, na hiyo ndiyo inayonywewa, na ya mwisho ni mkia. Nimecheka peke yangu: kumbe hata Wafaransa wana wazee wao nyuma ya nyumba? Ukurasa unaofuata umeng'olewa, kwa hiyo sijui wanataja majina ya nani.

Usman anakwenda Luhwindja mwanzo wa mwezi ujao kuuza betri na tochi kwa wachimba dhahabu. Atapita kwako. Mpe maji na umkanye arudi kabla ya Idi ya kuchinja, maana mimi nikimkanya anajifanya ndiye asiyesikia.

Sumaili


Walungu, 9 Juni 2024

Papa Usman,

Usman alipita Ijumaa iliyopita. Ana adabu, anafanana na wewe usoni, isipokuwa yeye anasikia. Nilimpikia ugali na sambaza, vidagaa vya ziwa letu, akala akamaliza, akamsaidia Jean-Claude kupandisha mbuzi kwenye pikapu. Halafu akaondoka na mzigo wake. Mengine ya vijana hayana haja ya kuandikwa.

Upishi unakwenda vizuri. Wateja wanaisifu chupa ya kwanza.

Idi njema ikifika.

Colombe


(Barua ambayo haikutiwa kwenye kreti)

Bukavu, Muhumba, 17 Juni 2024

Mama Elodie,

Jana ilikuwa Idi. Sikuchinja.

Usman aliletwa Alhamisi kwa pikipiki, amefungwa mgongoni mwa dereva kwa kitenge ili asianguke. Nilimlaza sebuleni. Aliomba karatasi kwa mkono, nikampa, akaniandikia kama alivyoniandikia siku zote: "Papa, kuko moshi mweupe mu nyumba. Fungula dirisha." Dirisha lilikuwa wazi. Hapakuwa na moshi. Niligeuza karatasi, akaandika tena, maneno yakapanda juu ya maneno mengine. Ndipo nikajua haoni anapoandika.

Daktari amenikalisha chini na kuniandikia. Ameandika méthanol, akapiga mstari chini yake. Ameandika kwamba ni sumu inayoweza kupatikana katika pombe ya kienyeji, zaidi ile inayotoka mwanzo, na kwamba wapishi wanaoijua kazi huimwaga. Usman hatakufa. Macho hayatarudi.

Kwenye mfuko wake nilikuta chupa. Ni fupi ya shingo, ina ndege chini. Nilikuchagulia mimi mwenyewe kutoka katika rundo, nikaiosha.

Nimeitafuta barua yako ya Mei, nimeisoma. Nimelikumbuka na jibu langu. Umefanya vizuri sana, nilikuandikia. Usisumbuke tena.

Nilidhani nitalia, sikulia. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri. Nikiituma barua hii, mtaa mzima utajua kwamba mtoto wa Sumaili alikunywa pombe siku chache kabla ya Idi, maana Zagabe anafungua kila kitu. Na wewe utajua kwamba mimi ndiye niliyekuambia


Bukavu, Muhumba, 17 Juni 2024

Mama Elodie,

Usman amerudi mgonjwa. Ni homa, imempanda kichwani, imegusa macho. Tuombeeni.

Leo sina jina la kukupa.

Sumaili


Walungu, 1 Julai 2024

Papa Usman,

Nimeipata barua yako fupi na nimeumia. Nimemtaja Usman kanisani, na Jean-Claude amemtaja kwenye misa yake, kwa hiyo ameombewa pande zote mbili. Luhwindja ina homa mbaya, watu wanakunywa maji ya mashimo. Niambie anaendeleaje. Macho yakiguswa na homa huwa yanarudi polepole, ilimtokea dada yangu mdogo akapona kabisa.

Sijui kama ni wakati wa kukuandikia furaha, lakini utakasirika ukiisikia kwa Zagabe. Elodie ameposwa! Wakwe watakuja Jumamosi tarehe 3 Agosti na ng'ombe wa mahari. Ni watu wazito, baba yake kijana ni mwalimu mkuu. Nimeanza kuivisha ndizi. Nataka kupika upishi ambao watausimulia. Jean-Claude anafanya mazoezi ya kukaa kwenye kiti, kwa sababu desturi ni kwamba mwenye nyumba anakunywa wa kwanza mbele ya wageni, ili waone hakuna sumu. Anasema kazi hiyo ndiyo aliyozaliwa nayo.

Nitumie chupa kumi na mbili, zile zenye ndege. Na jina moja zuri la pombe kutoka mbali, nimpe Jean-Claude alitaje kwenye hotuba.

Colombe


Bukavu, Muhumba, 8 Julai 2024

Mama Elodie,

Hongera kwa Elodie. Usman yuko vilevile.

Chupa zenye ndege zimekwisha. Na ningekushauri jambo. Siku hizi sherehe nyingi hapa Bukavu wanaweka soda na juisi tu, na hakuna anayelalamika. Wakwe wakiwa wasomi watafurahi zaidi. Kama lazima upike, basi pika kama mama yako alivyopika, kwa kila kitu. Huenda alikuwa na sababu zake.

Sina zaidi.

Sumaili


Walungu, 14 Julai 2024

Papa Usman,

Barua yako nimeisoma mara mbili na sikupenda nilichokisoma.

Miaka kumi na tisa unaniuzia chupa, leo unaniambia niweke soda? Unajua nitakavyotazamwa, mimi Colombe, nikiwapa wakwe soda nyumbani kwangu? Na Mei uliniambia nimefanya vizuri kuacha mambo ya bazimu, sasa unanirudisha kule kule. Nimemuonyesha Pasta. Amesema: "Ule muzee anakujaribu, maman. Usimujibu." Mimi nakujibu kwa sababu ya urafiki. Najua una huzuni ya mtoto. Lakini huzuni yako usiimwage kwenye sherehe ya mtoto wangu.

Chupa nimezipata kwa mtu mwingine.

Colombe


Walungu, 12 Agosti 2024

Papa Usman,

Jean-Claude amekufa.

Nakuandikia ili usisikie kwa Zagabe. Ijumaa, kesho yake sherehe, nilimaliza upishi asubuhi. Chupa ya kwanza nilimpa yeye, nikamwambia aonje kama inafaa wakwe. Alikaa mlangoni akaonja mpaka ikabaki nusu. Akasema haijawahi kutoka nzuri hivi. Alilala mapema.

Jumamosi aliamka, akasimama katikati ya nyumba akasema: "Colombe, ni nani alimwanga bunga humu ndani? Bunga iko mahali yote." Nikatazama chini. Sakafu ilikuwa safi, nilikuwa nimeifagia mimi. Nilidhani ananitania, kwa sababu yeye ni mtu wa kunitania. Nikamwambia: "Vaa shati, bageni bako njiani." Akalivaa kinyume.

Wakwe walifika. Walikaa. Nilimpa kikombe anywe wa kwanza, akanyoosha mkono akaukosa mkono wangu. Akanyoosha tena. Mwalimu mkuu akasimama akasema tuangalie, huyu mtu haoni. Kwa hiyo hakuna aliyekunywa. Wageni wote ni wazima. Ng'ombe walibaki wamefungwa kwenye migomba mpaka jioni, tulisahau kuwapa maji.

Alikufa Jumapili, kabla ya misa. Nesi hapa amesema ni moyo.

Watu wanalia, mimi ninawapikia. Watu wanasema Colombe ni mwanamke wa nguvu. Si nguvu. Ninaona mikono yangu ikimenya ndizi na sihisi kama ni yangu.

Kitu kimoja tu hakiniachi. Ile bunga. Wewe umesoma vitabu. Ni ugonjwa gani huo wa kuona unga?

Colombe


Bukavu, Muhumba, 18 Agosti 2024

Mama Elodie,

Mungu amrehemu Jean-Claude. Alinipokea nyumbani kwake mara nne na kila mara alinikalisha kwenye kiti chake.

Umeniuliza ugonjwa gani. Ndani ya barua hii nimeweka nyingine, ya tarehe 17 Juni. Niliiandika nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Isome yote kwanza, halafu urudi hapa.

Umeshaisoma. Kwa hiyo unajua kwamba nilijua. Siku arobaini na saba kabla ya sherehe yako, nilijua. Niliposema soda, nilikuwa najua. Niliposema mama yako alikuwa na sababu zake, nilikuwa nazijua sababu hizo, daktari alikuwa ameniandikia. Ningeweza kupanda minibasi. Ni safari ya asubuhi moja. Nilijiambia kwamba umeelewa, na ulipokasirika nilijiambia kwamba nimefanya sehemu yangu.

Nilimficha mwanangu. Niliogopa watu waseme mtoto wa Sumaili alikunywa. Ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine iliyo bora zaidi, sijaipata.

Na kabla ya hayo, ni mimi niliyekuandikia umefanya vizuri. Na tête, na wazee wa Kifaransa. Nilikuwa nayo mkononi nikaicheka.

Sikuombi kitu. Msiba huu ningekuja, lakini nimeona sina uso wa kuleta.

Sumaili


Walungu, 1 Septemba 2024

Papa Usman,

Nimezisoma zote mbili. Nimekaa na barua zako wiki nzima nikingoja hasira. Haikuja. Naitafuta kama mtu anavyotafuta ufunguo, kisha nasahau ninachotafuta.

Nina langu. Usman alipopita hapa mwezi wa sita, alikunywa mezani kwangu. Nilimpa chupa ya kwanza kwa sababu ni mtoto wako, na ya kwanza nilikuwa nawawekea watu wa heshima. Alikunywa kidogo, akacheka, akaniambia: "Maman, usiambie papa, atanifukuza." Nikamwambia baba yako ni rafiki yangu, sitamtia aibu. Iliyobaki akaichukua. Ndiyo hiyo uliyoikuta mfukoni.

Uliponiandikia homa, nilijua kwamba alikunywa. Sikujua zaidi ya hapo. Sikukuambia, ili usijue kwamba mtoto wako alikunywa. Na wewe hukuniambia, ili nisijue kwamba mtoto wako alikunywa. Kila mmoja wetu alikuwa anakutunzia jina lako, Sumaili. Jean-Claude yuko chini ya udongo kwa sababu ya jina lako safi.

Nimeiandika sentensi hiyo kwa kukusudia. Nilitaka nione kama itaniuma. Haijauma bado.

Mama alikuwa anawapa wafu kikombe kile. Mimi niliwapa wazima.

Nimekwenda kwa Pasta, nimemwambia yote. Akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamuuliza: "Ya Mungu ao ya kwako?" Hajaja tena hapa.

Elodie anataka kujua kama ataolewa. Wakwe wameacha ng'ombe wao, hawajasema neno.

Colombe


Bukavu, Muhumba, 10 Septemba 2024

Mama Elodie,

Nimemsomea Usman barua yako kwa sauti. Sijisikii ninaposoma, kwa hiyo sijui nilisoma namna gani. Yeye haoni uso wangu, nami sisikii sauti yake. Tumezoea. Ananiandikia kwenye kiganja kwa kidole, herufi moja moja, kwa sababu kwenye karatasi mistari yake inalaliana.

Nilipomaliza aliushika mkono wangu akaandika taratibu: SAMBAZA ZAKE ZILIKUWA TAMU.

Ijumaa baada ya sala nilisimama msikitini nikawaambia watu wote ni nini kilichomchukua macho mwanangu. Niliwaambia na jina la kinywaji. Walisikia, nadhani. Niliona midomo ikienda. Hakuna aliyekuja kunipiga wala kunikumbatia. Nilichokiogopa miezi mitatu kilichukua muda wa kuvaa viatu.

Daftari la majina nimelifunga. Limebaki swali moja, na kama hutaki usilijibu. Kikombe kile cha kwanza, Wafaransa wanakiita kichwa. Mama yako alikiitaje?

Sumaili


Walungu, 29 Septemba 2024

Papa Usman,

Tumemaliza siku arobaini za Jean-Claude. Walikuja watu wengi. Wakwe pia walikuja, na mwalimu mkuu alisema ng'ombe wabaki, watoto waoane baada ya Krismasi. Elodie alilia. Mimi nilimtazama akilia, nikafurahi kwamba kuna mtu nyumbani anayeweza.

Watu walisema bomba nilitupe. Nilililaza uani siku tatu. Halafu nikatazama watoto wawili waliobaki shuleni na ndizi zilizoiva, nikalirudisha. Sijui kazi nyingine. Usiniambie neno juu ya hilo.

Alhamisi nilipika. Nilikaa karibu na bomba tangu mwanzo, sikumpa mtu mwingine kiti. Tone la kwanza lilipotoka niliweka kikombe kile cha bati cha mama, nilikikuta juu ya dari. Nilingoja kijae. Kilikuwa kinachoma pua kama siku zote, kikali, kile wanaume walichokipenda. Baada ya hicho nikajaza kingine, kwa usalama, nikavipeleka vyote nyuma ya nyumba kwenye migomba.

Umeniuliza mama alikiitaje. Hakukiita kitu, Sumaili. Kikombe kile hakina jina. Unapomwaga unataja jina la anayepewa, basi.

Nilisimama pale. Nilifikiri nitamtaja mama. Mdomo wangu ulisema Jean-Claude. Nikamwaga, nikasema tena Jean-Claude, nikamwaga cha pili. Udongo ukanywa wote. Nikaona kwamba nimempa tena kile kile nilichompa siku ile mlangoni, na safari hii hawezi kukirudisha wala kukisifu. Hapo ndipo iliponiuma. Nilikaa chini kwenye majani makavu ya migomba nikalia mpaka Elodie akaja kunitafuta, akadhani nimeanguka.

Sijui kama ni dhambi. Muulize imamu wako, mimi sina tena wa kumuuliza. Najua tu kwamba hakiingii tena kwenye chupa.

Mwambie Usman Zagabe atamletea sambaza, nimezikausha vizuri. Na wewe nitumie kreti mbili Jumanne. Zenye ndege usiweke.

Colombe